Mto Ng'ombe uliojengewa zege ubaki kuwa mto kwenye ramani

Wapo wachora ramani wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa mtandaoni na wanaojitolea, wanaotaka Mto Ng'ombe wa Dar es Salaam, ambao umejengewa zege kupitia DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya jiji, uandikwe kuwa mtaro. Wanasema ramani ionyeshe kile ambacho mtu anakiona akifika mahali, na pale Tandale anaona sakafu na kuta za zege. Ninapinga, na wenye maoni tofauti nawaomba wajibu kwa hoja.

Zege limebadilisha kingo tu. Maji bado yanakusanywa na bonde lile lile na kumwagika katika Mto Msimbazi, kwa hiyo aina ya njia ya maji ifuate asili yake, na ujenzi uandikwe kama sifa ya ziada. Mto Los Angeles ulianza kusakafiwa zege kwa wingi baada ya mafuriko ya 1938, na kwenye ramani hiyo hiyo bado ni mto. Mitaro ni ile iliyochimbwa na watu pasipokuwa na mkondo, kama ile ambayo wanafunzi na wakazi waliipima mtaa kwa mtaa katika Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za maeneo ya mafuriko Dar es Salaam, kuanzia 2015. Anayekadiria mafuriko akidhani mto ni mtaro, atahesabu mvua ya mtaa ule peke yake na kuyaacha maji yanayoshuka kutoka juu.

Liko jambo zito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na wanaokumbuka alama za X zilizochorwa kwenye nyumba za kubomolewa na bomoabomoa ya bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015 wana haki ya kuogopa neno mto karibu na nyumba zao. Hofu hiyo naiheshimu kwa dhati. Hata hivyo, ramani ya wanaojitolea haipangi mipaka ya kisheria, na kuandika mtaro hakutalizuia tingatinga. Kutamnyima mkazi ushahidi kwamba maji yanayomwingilia chumbani yametoka mbali, wala hayakuletwa na taka za jirani yake pekee.

Ugumu ninaouona ni pale ambapo mkondo umehamishwa na kunyooshwa nje ya njia yake ya zamani. Kipande cha namna hiyo nakubali kiandikwe mfereji, mradi jina la mto lisikatike.