Kikundi cha majirani: mtoto ameungua

Mama Zawadi: Jamani, nani yuko macho? Mtoto wa chumba cha mwisho kamwagikiwa maji ya moto mkononi. Wanatafuta dawa ya meno wampake.

Baba Salma: Waambie waache! Maji baridi ya kawaida, dakika 20 kamili.

Mama Zawadi: Bomba halitoi.

Baba Salma: Ya ndoo yanatosha. Beseni chini, wamwagie polepole kwa kikombe. Yakipungua wachote yaleyale ya beseni, mradi ni safi.

Bibi: Sisi tuliwapaka mafuta wakapona.

Baba Salma: Shikamoo Bibi. Walipona, ila mafuta huzuia joto kutoka, nyama inazidi kuungua ndani. Daktari naye inabidi ayaondoe kwanza ndipo alione jeraha, mtoto anateseka mara mbili.

Bibi: Marahaba. Na barafu?

Baba Salma: Hapana Bibi, barafu nayo inaumiza ngozi.

Mama Zawadi: Wamemvua bangili. Mkono wa shati umegandia ngozi.

Baba Salma: Palipogandia wasipavute. Malengelenge wasiyapasue. Wakimaliza wamvishe mfuko safi wa plastiki mkononi, mwili wafunike asipate baridi, waende zahanati. Mtoto mdogo akiungua mkono lazima aonwe, hata akinyamaza.

Dada Rehema: Kumbe! Mimi najua huduma ya kwanza ni lile sanduku la ofisini. Hapa kwetu hata bandeji hatuna.

Baba Salma: Hilo ndilo linaniuma, Rehema. Tunajiona maskini wa vifaa, basi tunakaa tunasubiri usafiri mikono mitupu. Mtu akikatwa, kitambaa safi ukikandamiza kwa nguvu bila kuachia ndiyo dawa ya kwanza. Mwenye kifafa mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5 hajatulia, hospitali.

Mama Zawadi: Na aliyekunywa mafuta ya taa? Huwa tunamtapisha.

Baba Salma: Msimtapishe kabisa! Yakipanda yanaingia kwenye mapafu, huko ndiko yanakoua. Mkimbizeni hospitali. Na tuache kuyaweka kwenye chupa za soda, mtoto atajuaje kuwa si kinywaji?

Bibi: Yangu yako kwenye chupa hiyohiyo, chini ya meza. Nayahamisha sasa hivi.

Mama Zawadi: Dakika 20 zimetimia. Wanatoka, ila wadogo zake wanabaki peke yao.

Dada Rehema: Waje kwangu, mlango uko wazi.