Wakuu, pikipiki inatembea halafu ticha anasema fosi ni ziro? Naombeni ushauri

korosho_ghafi:
Wakuu habari za saa hizi. Mi bodaboda hapa Mtwara mjini, shule niliishia la saba, ila mdogo wangu yuko fomu two na usiku huwa tunakaa wote akifanya homuweki. Leo kuna swali, pikipiki iko kwenye njia iliyonyooka spidi 50 haipandi haishuki, jumla ya fosi ni ngapi? Kaandika ziro na ticha kampa vema. Nimebisha mpaka ugali umepoa, maana njia ya Mikindani naipiga kila siku na nikiachia mafuta kidogo tu chombo kinalegea, sasa hiyo ziro inatoka wapi? Akamuulize ticha tena au ataonekana mbishi? Sitaki afeli kwa ajili yangu.

mwana_chikongola:
ziro ni mafuta yaliyobaki kwenye tenki lako 😂😂

Msangamkuu_boy:
Uko sahihi kaka, kitu hakitembei bila kusukumwa, hata dau upepo ukikata linasimama. Aende kwa ticha.

Ticha_Nachingwea:
Msangamkuu hapana, dau linasimama kwa sababu maji yanalikaba. Hayo unayosema hata Aristotle aliyaamini na watu wakayabeba karne kibao, mpaka wakaja kina Galileo, halafu Newton 1687 akaliweka sawa: kitu kilicho kwenye mwendo kinaendelea na mwendo ule ule, njia iliyonyooka, mpaka fosi ikiguse.

Sasa korosho, swali limeuliza jumla. Tuseme injini inakusukuma mbele nyutoni 120 (nyutoni ndo kipimo cha fosi), upepo na msuguano vinakurudisha nyuma 120, kama watu wanaovuta kamba wamelingana. Mafuta unayoshikilia kazi yake hapo ni kulipa huo upepo na msuguano, ndo maana ukiachia unalegea. Ukikoleza ikawa 220, inabaki 100 mbele. Wewe na chombo mkiwa kilo 200, gawanya, mchapuko ni 0.5, yaani kila sekunde spidi inapanda nusu mita kwa sekunde. Funga gunia la korosho la kilo 80 hapo nyuma, 100 ile ile unagawa kwa 280, unapata kama 0.36, ndo ule uvivu unaousikia ukiwa na mzigo. Halafu spidi ikipanda upepo nao unazidi kukukaba mpaka zinalingana tena, ziro nyingine hiyo, kwenye spidi mpya.

korosho_ghafi:
Shikamoo ticha. Hapo kwenye upepo nimekupata, ule wa baharini jioni naujua mwenyewe. Sasa mteremko wa Newala, nimeweka gia ndogo nashuka spidi moja mpaka chini, huko nako ziro??

Ticha_Nachingwea:
Marahaba. Ziro kama njia imenyooka. Mvutano wa dunia unakushusha, injini na breki zinakuzuia. Ila kona sio ziro hata kama mshale wa spidi haujatikisika, kwa sababu unabadili mwelekeo. Kinachokuingiza kwenye kona ni msuguano wa tairi na barabara, sasa ukikuta mchanga umemwagika pale msuguano unapungua, chombo kinataka kunyoosha, unajikuta kwenye mikorosho ya watu. Na ukidabo spidi kona ile ile inataka fosi mara nne, sio mara mbili, hapa ndo vijana wengi wanapoumia.

mama_wa_Lindi:
Kaka muache mtoto na ziro yake asifute. Ila asiandike ziro tupu, achore mishale miwili inayolingana, mmoja mbele mmoja nyuma, aeleze kila mmoja ni fosi gani, walimu wengine maksi zao ziko hapo. Na kwenye njia ya kukokotoa yuniti asisahau, kilometa kwa saa azigeuze kwanza kuwa mita kwa sekunde, gawanya kwa 3.6.

korosho_ghafi:
Asante dada, kashaanza kuchora hapa ananicheka. Ticha la mwisho, nikipiga mishikaki, abiria wawili, breki inakuwaje?

Ticha_Nachingwea:
Breki ukiibana kwa nguvu ile ile wakati masi imeongezeka, spidi inapungua polepole, hutasimama pale ulipozoea. Na trafiki hatakuuliza nyutoni.