Medali ya Waingereza yenye kibao cha NANDI: ni ya kweli?

Mwana_Ibanda
Habari zenu wakubwa. Hapa Bukavu kuna mzee anauza medali ya Waingereza. Mbele ni kichwa cha malkia, nyuma mwanamke amesimama na simba, chini AFRICA. Kibao chake, yaani kile kipande cha chuma kwenye utepe kinachotaja vita, kimeandikwa NANDI 1905-06. Anataka dola 150. Niangalie nini?

Fundi_Kadutu
Ndugu, usitoe pesa kwanza. Medali hiyo ilianzishwa 1902 na ina vichwa vitatu tu: Edward VII, George V na Elizabeth II. Vita vya Nandi ni vya enzi ya Edward. Malkia huenda na kibao kimoja, KENYA, cha vita vya 1952 hadi 1956. Basi kuna mtu amebadilisha kibao. Tazama pini zinazokishika: zikiwa na solderi inayong'aa au mikwaruzo ya koleo, umepata jibu.

Medali yenyewe lakini inaweza kuwa halali, na hapo ukingo ndio unaosema. Shika lenzi, mulika tochi kutoka ubavuni, usome namba, cheo, jina na kikosi cha askari (K.A.R. kwa mfano, yaani King's African Rifles). Kipenyo ni milimita 36. Kipime sehemu nne tofauti. Kikipungua mahali penye jina, jina la kwanza limepigwa tupa likaandikwa jingine. Kikipungua kote, na uso una vitundu vitundu, ni ya kumiminwa: chuma kikipoa husinyaa.

Mama_Sarafu
Ongezea kipimo cha maji. Wauza dhahabu wanakijua na mizani yao inatosha. Toa utepe, pima medali ikiwa kavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha kwenye sifuri, ning'iniza medali kwa uzi izame bila kugusa chini. Gawa uzito mkavu kwa namba unayoona. Gramu 40 kwa 3.87 ni 10.3, hiyo ni fedha. Ukipata 8.9 ni nikeli na shaba. Vipovu vya hewa chini ya kishikio hudanganya, vifute kwa brashi laini. Za Edward chache zilitengenezwa kwa bronzi, kwa hiyo rangi ya kahawia peke yake si kosa.

Mwana_Ibanda
Asanteni sana. Weusi wake niusugue kwa dawa ya meno?

Fundi_Kadutu
Hapana kabisa! Inakula herufi za ukingoni. Ifunge kwa karatasi isiyo na asidi, mbali na raba na sufu, maana salfa yake ndiyo inayoitia weusi.