MJADALA: Tekno kwenye arobaini ya mzee, ni sawa?

Kijana wa Nyegezi: Wakuu, naomba mawazo. Jumamosi tulifanya arobaini ya baba hapa Mwanza. Mzee aliongoza kwaya miaka mingi. Mdogo wangu alichukua kanda ya zamani, akaichomoa sauti ya baba peke yake, akaitengenezea rimiksi ya taratibu ya tekno, ule muziki wa mashine wa pigo linalojirudia, besi nzito chini. Wimbo wenyewe nimekua nao na haukuwahi kunitoa chozi. Jumamosi nililia mpaka nikakaa chini. Nusu ya ukoo wameondoka wamenuna. Tumekosea?

Mama Wawili Kirumba: Mmekosea sana. Arobaini ni dua na chakula, siyo disko. Hayo mambo ya Wajerumani walioshiba mnayaleta mbele ya wajane?

Fundi Spika: Dada, Wajerumani umewasingizia. Tekno ilizaliwa Detroit, Marekani, miaka ya 1980, kwa vijana weusi: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Berlin iliichukua ikaikuza, hasa baada ya ukuta kuanguka mwaka 1989. Na kinachomliza kijana kina sababu. Ukiondoa kinanda na waimbaji wengine wote, sauti inabaki uchi, unasikia hadi mzee anavyovuta pumzi. Kipande kilekile kinarudi, kinarudi, besi imezuiwa makusudi, mwili unaingoja. Ikishuka, kilichokaba kifuani kinaachia. Mimi nafunga spika, nimeona watu wazima wakifumba macho.

Mama Wawili Kirumba: Sikuuliza ilizaliwa wapi. Nimesema wajane.

Mgeni wa Pwani: Mnapoteza muda. Msukuma na tekno wapi na wapi? Mwachieni ng'ombe wake. Sisi Dar tuna singeli, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, nani ana nafasi ya kulia?

Mwana Kisesa: Mtani, hapo umenichokoza kweli. Panda daladala uje Bujora, kwenye makumbusho yetu Wasukuma, utazame ngoma ya bugobogobo. Ngoma kubwa zinashika pigo moja, halilegei, watu wanarusha majembe juu na kuyadaka. Ngoma hiyo ilikuwa ya kulimia, jua likiwa utosini, pigo ndilo linalokubeba uchovu usiusikie. Kabla spika haijafika nchi hii, babu zetu walishajua kurudia kunamfanya nini mtu.

Mgeni wa Pwani: Jembe siyo besi, mkuu.

Mwana Kisesa: Hujawahi kusimama karibu na ile ngoma. Inagonga tumboni. Na kwenye Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma, makundi mawili ya Wagika na Wagalu yanashindana kuvuta watazamaji, ukiachwa na watu umeshindwa. Singeli yenu ingeachwa saa ya kwanza.

Mgeni wa Pwani: Ingeachwa na nani? Singeli imefika hadi Jinja kwenye tamasha la Nyege Nyege, ziwa hilihili lenu!

Mwana Kisesa: Jinja ni Uganda. Usikwepe.

Karabai: Ndugu zangu, mimi ni mvuvi wa dagaa. Gizani, taa zikiwa juu ya maji, tunangoja saa nyingi, tukirudi ni injini tu, mlio mmoja mpaka mwaloni. Humo ndimo nilipomlilia mama yangu. Pale makaburini nilishindwa, watu walikuwa wananitazama. Namwelewa huyu kijana. Mlio usiobadilika haukuulizi kitu, unakuacha na wako.

Mama Wawili Kirumba: Pole kwa mama, baba. Lakini wewe ulikuwa peke yako ziwani. Huyu kawawekea watu wote, wakiwemo wasiotaka.

Fundi Spika: Hapo dada una hoja, ila tarumbeta msibani mbona hamkatai?

Mama Wawili Kirumba: Tarumbeta tumezizoea. Kijana, hebu niambie, mama yako mwenyewe alifanyaje?

Kijana wa Nyegezi: Alitoka nje wimbo ulipoanza, akasimama kwenye mwembe. Alirudi ulipokwisha. Akamwambia mdogo wangu arudie pale mwanzo, sauti ya baba kabla ngoma hazijaingia. Akairudisha mara tatu.

Mama Wawili Kirumba: Umeona? Kabla ya ngoma.

Fundi Spika: Kwenye ile kanda ya kwaya hiyo sauti peke yake haipo, dada. Imetolewa na rimiksi.

Mgeni wa Pwani: Mwana Kisesa, hujanijibu ya Jinja.