Diski ya filamu za 8K ikitoka, watu watainunua? Tulinganishe

Kasha_Jeusi (mleta mada)
Wakuu, habari zenu. Mwaka 2024 watafiti wa China walionyesha kwenye jarida la Nature diski yenye ukubwa wa DVD na tabaka 100, uwezo wake petabiti 1.6, yaani terabaiti 200 hivi. Ile ni ya kutunzia data na haiko dukani, lakini imenifanya nijiulize: kampuni zikikubaliana kesho kuleta diski ya filamu za 8K (picha yenye nukta mara nne ya 4K, ambayo nayo ina nukta mara nne ya HD), mtu wa kawaida atatoa hela tena? Watu walishanunua kanda, wakanunua DVD, wakanunua Blu-ray ya HD, filamu ni ile ile. Mimi nina kabati la DVD na Blu-ray kadhaa, na nilikuwa kwenye mawazo ya kuchukua deki ya 4K. Nichukue, nisubiri, au nibaki na kustrimu tu?

Mzee_wa_Kanda
Mkuu, anzia kwenye kero. Diski mpya inashika pale inapomwondolea mtu usumbufu. Picha nzuri peke yake haijawahi kutosha. LaserDisc, diski ya filamu iliyoitangulia DVD, iliingia sokoni Marekani 1978, na picha yake iliiacha kanda ya VHS mbali. Lakini diski yenyewe ilikuwa na kipenyo cha sentimita 30, upande mmoja haukuzidi saa moja, filamu ikinoga tu unainuka kwenda kuigeuza. Na huwezi kurekodia kipindi cha TV. VHS ilikuwa na chenga zake, ila ilirekodi. Watu wakabaki na VHS.

DVD ilipofika (Japani 1996, Marekani 1997) ilikuja na nini? Hakuna kurudisha kanda nyuma. Hakuna deki kutafuna tepu. Unaruka hadi sehemu unayoitaka, unabadili lugha kwa rimoti. Hata mwenye TV ya kichogo aliona tofauti siku hiyo hiyo. Halafu mwaka 2000 ikatoka PlayStation 2 inayosoma DVD: kijana kanunuliwa gemu, nyumba nzima imepata deki bila kupanga.

Sasa niambieni, 8K inamwondolea nani kero gani?

leza405
Naongezea upande wa ufundi. CD, DVD na Blu-ray zote zina sentimita 12, kinachobadilika ni mwanga. CD inasomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD 650, Blu-ray 405. Wimbi la mwanga likiwa fupi, vishimo vinaweza kuwa vidogo na kubanana zaidi, ndiyo maana tabaka moja la DVD linabeba GB 4.7 na la Blu-ray GB 25. Diski ya 4K iliyotoka 2016 haikuja na leza mpya. Ni ile ile ya Blu-ray, tabaka zimeongezwa hadi tatu, GB 100, na video inabanwa zaidi kwa mbinu iitwayo HEVC.

Sasa tuje sebuleni. TV ya inchi 55 ina kioo chenye kimo cha sentimita 68 hivi. Mwenye macho mazima anaweza kutenganisha nukta za HD akiwa umbali wa mita 2.1 au chini ya hapo. Akikaa nyuma zaidi, nukta za ziada za 4K hazimfikii. Ili azifaidi zote inabidi asogee hadi mita moja. Na za 8K? Nusu mita. Hapo unatazama filamu au unatafuta vumbi kwenye kioo?

Kinachoiokoa 4K ni HDR: mwanga unaong'aa kweli, na giza ambalo bado unaona kilichomo ndani yake. Hiyo unaiona hata ukikaa mwisho wa chumba. 8K haina kadi kama hiyo mkononi.

Bi_Rimoti
Jamani, mnamposea marehemu mchumba 😀

Netflix walianza 1998 kwa kutuma DVD kwa posta, na Septemba 2023 wameifunga huduma hiyo. Best Buy, duka kubwa la vifaa vya elektroniki Marekani, liliacha kuuza diski za filamu 2024. Samsung ilijitoa kwenye deki mpya 2019, LG ikafuata mwishoni mwa 2024. PlayStation 5 Pro inauzwa bila kisomeo cha diski, ukikitaka unakinunua pembeni. Ule mlango wa gemu anaousifia Mzee wa Kanda ndio huo unafungwa.

Na hili la ubora mbona tulishalimaliza kwenye muziki? Mwaka 1999 na 2000 zilikuja diski za SACD na DVD-Audio, sauti bora kuliko CD. Watu wakakimbilia MP3, ambayo ni duni kuliko CD. Mtu kachoka jioni, anataka kubonyeza kitufe kimoja alale na filamu.

leza405
Dada, kwenye urahisi sikubishii. Ila usiseme tunaona kitu kile kile. Strimu ya 4K mara nyingi inapita kwenye megabiti 15 hadi 25 kwa sekunde, wakati diski ya 4K inaweza kupanda hadi 128. Filamu ya saa mbili kwa wastani wa megabiti 60 ni GB 54. Kwa megabiti 16 ni GB 14 na ushee. Zile GB nyingine zimekatwa mahali fulani! Angalia sehemu yenye moshi, ukungu au bahari usiku: kwenye strimu giza linagawanyika viraka vya mraba na mistari mistari, kwenye diski linabaki laini. Sauti ndiyo usiseme.

Bi_Rimoti
Nakuamini kaka. Na nina hakika wanaosimamisha filamu kukagua ukungu wote wamo kwenye uzi huu.

Kabati_Kamili
Mnauruka umiliki. Desemba 2023 PlayStation ilitangaza kwamba vipindi vya Discovery ambavyo watu walishavilipia vingeondolewa kwenye akaunti zao kwa sababu za leseni. Kelele zikapigwa, makubaliano yakarekebishwa, vikabaki. Ila kila mtu aliona kile kitufe cha "nunua" kilimaanisha nini.

Lakini na diski nayo isiaminiwe kichwa kichwa. Kuna aliyewahi kusikia DIVX ya Circuit City, maduka ya elektroniki ya Marekani, 1998? Diski inauzwa bei ya chini, ukishaicheza mara ya kwanza una saa 48. Ukitaka tena unalipa, na deki imeunganishwa kwenye laini ya simu ili ihesabu. Juni 1999 wakafunga biashara, na katikati ya 2001 diski hizo zikawa hazifunguki tena. Plastiki unayo mkononi, filamu huna.

Kwa hiyo diski yoyote mpya naiuliza mambo mawili kabla ya picha: inacheza bila intaneti? Inataka akaunti? Ikitaka hivyo, wabaki nayo.

Mzee_wa_Kanda
Hoja nzito hiyo. Mimi naongeza vita vya kampuni. 2006 zilitoka mbili kwa pamoja, HD DVD ya Toshiba na Blu-ray ya Sony na wenzake. HD DVD ilikuwa na deki za bei nafuu zaidi, Blu-ray ilikuwa ndani ya PlayStation 3. Wengi wakakaa pembeni wanatazama. Januari 2008 studio ya filamu ya Warner ikaegemea Blu-ray, na tarehe 19 Februari Toshiba ikanyoosha mikono. Waliokuwa na HD DVD wakabaki na deki isiyoletewa filamu mpya. Waliobaki na DVD hawakupoteza kitu, tena deki za Blu-ray zikaja zinasoma DVD zao za zamani.

Utabiri wangu: 8K ya diski haitapata watu wa kawaida. Ikitoka, itaishi kama LaserDisc ilivyoishi, kwa wapenzi wachache wenye projekta na chumba chenye giza.

Kasha_Jeusi (mleta mada)
Nimewaelewa. TV yangu ni ya 4K yenye HDR, nakaa kama mita mbili na nusu. Kwa hiyo?

leza405
Basi usisubiri 8K. Kwa umbali huo HDR utaifaidi hata kama nukta zote za 4K hazikufikii. Chukua deki ya 4K sasa hivi wakati bado kuna wanaozitengeneza, na uhakikishe inasoma DVD na Blu-ray. Diski za 4K hazifungwi zichezwe eneo fulani tu la dunia, ila hizo za kabatini kwako zinaweza kuwa na msimbo wa eneo, kwa hiyo ulinganishe na wa deki kabla hujalipa.

Kabati zima usilirudie kununua. Filamu za zamani zilizopigwa kwa ukanda wa milimita 35 na kuskaniwa upya ndizo zinazofaidi 4K. Tamthilia zilizorekodiwa kwenye kanda za video, baki na DVD zake, hakuna nukta zilizofichwa humo. Na za kutazama mara moja na kusahau, mwachie Bi Rimoti.