Nimelipia kuwinda kwa miguu, nikazungushwa kwenye gari, na pofu niliyemjeruhi akaachwa afie porini

Wakuu, heshima kwenu. Nimekaa na jambo hili siku tisa nikingoja hasira ipoe. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Jina la kampuni sitalitaja hapa, wala kitalu cha uwindaji. Malalamiko yangu rasmi nimeshayapeleka panapohusika na sitaki mtu aje kusema nimechafua jina lake mtandaoni. Lakini yaliyotokea nitayasema yote.

Mimi ni mkazi wa Dodoma, Mtanzania, nina bunduki ya .375 yenye leseni na karatasi zake zote. Mwaka huu nilipata vibali viwili vya uwindaji wa wenyeji: pofu dume mmoja (yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala) na swala pala mmoja. Kwa kuwa eneo silijui vizuri, nikatafuta waongozaji. Tulielewana kwa ujumbe wa simu, na ujumbe huo bado ninao: siku nne za kuwinda kwa miguu, mwongozaji mmoja, msoma nyayo mmoja, na askari wanyamapori kama utaratibu unavyotaka. Bei yao shilingi 2,400,000, mbali na ada za serikali nilizolipa mwenyewe. Nikatuma nusu siku hiyo hiyo, nusu nyingine nikaikabidhi mkononi siku tunaondoka.

Tulitoka Dodoma usiku, tukapita Manyoni, tukaiacha lami baada ya Itigi. Kambini nikakuta watu wengine wanne ambao sikuambiwa habari zao. Mwongozaji ni yule yule, gari ni lile lile, askari ni mmoja kwa wote. Nikauliza. Nikajibiwa, "Usijali bosi, tutajipanga."

Alfajiri ya kwanza saa kumi na moja tukapakiwa wote nyuma ya Land Cruiser. Tukazungushwa hadi saa sita mchana. Hakuna aliyekanyaga chini isipokuwa kwenda haja. Nikasema labda wanaangalia hali ya eneo. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Nilipomfuata mwongozaji pembeni na kumkumbusha makubaliano yetu, alinijibu maneno ambayo hadi leo yananichoma: "Kutembea ni kwa Wazungu, kaka. Nyie si mnataka nyama?"

Someni tena hiyo sentensi. Mtu amepokea pesa yangu, ananitazama usoni, anaamua kwamba mimi kwa kuwa ni mwenyeji sina haja ya kuwinda, nina haja ya kitoweo. Nyama ningeitaka peke yake, serikali imeruhusu mabucha ya nyamapori, ningenunua kilo zangu nikarudi nyumbani kupika.

Mchana wa siku hiyo mmoja wa wale wanne alimpiga ngiri akiwa amesimama juu ya bodi ya gari, injini inaunguruma. Mwongozaji akapiga makofi. Mimi nilishuka nikakaa chini ya mti mpaka walipomaliza. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kumpiga mnyama kutoka kwenye gari, na mtu anayejiita mwongozaji hawezi kusema hajui. Askari alikuwa wapi? Alikuwa ameachwa kambini alinde mizigo. Hilo pia nimeliandika kwenye maelezo yangu.

Kwa wasioelewa kwa nini naganda na suala la miguu: mnyama wa nyikani akikimbizwa na gari hana alichobakiza. Ukimfuata kwa miguu, ana pua, ana masikio, ana upepo, na mara nyingi anakushinda. Ukienda kwa miguu unamwona kwa utulivu, unajua ni dume au jike, ana ndama au hana, unajua nyuma yake kuna mwingine au hakuna. Unakuwa na muda wa kuamua kutopiga. Kwenye gari linaloruka mashimo huamui chochote, unafyatua tu. (Najua humu wapo wanaopinga uwindaji wa aina yoyote. Nawaheshimu, hiyo tuifungulie uzi wake.)

Siku ya tatu nikakataa kupanda gari. Nikasema nimelipia msoma nyayo, nipeni msoma nyayo. Wakanipa mzee mmoja wa Kisandawe kutoka upande wa Chemba, mtu wa makamo ya baba yangu, viatu vya matairi mguuni na soksi ya jivu mkononi. Nilimwamkia, akanipokea kwa "Marahaba mwanangu", akatikisa soksi, jivu likaonyesha upepo unakoelekea, tukaanza safari. Tulikuwa sisi wawili tu, kwa sababu askari sasa alipandishwa gari la wale wengine. Nilipinga. Nikaambiwa nikitaka askari nipande gari.

Wakuu, saa tatu zile ndizo pekee nilizopata kati ya siku nne nilizolipia. Mzee alinionyesha kwato za pofu kwenye mchanga, kingo zake bado kali, mchanga haujaporomokea ndani. Akanionyesha matawi yaliyovunjwa kwa pembe ili majani yafikike. Akaokota kinyesi, akakibonyeza kwa vidole, akanyoosha mkono kuelekea bondeni. Kundi la pofu likitembea unalisikia kabla hujaliona, magoti ya madume yanalia kwa kila hatua, kama mtu anavunja vijiti vikavu. Tulisikia hiyo sauti tukiwa tumelala kifudifudi nyuma ya kichuguu.

Dume lilikuwa kubwa, limezeeka, nywele nyeusi usoni, ngozi ya shingo inaning'inia. Mzee akasimamisha miti mitatu ya kuegemeza bunduki. Umbali kama mita 120. Nilivuta pumzi nikabana, na wakati ule ule nafyatua, likapiga hatua mbele.

Risasi iliingia nyuma mno. Hilo kosa ni langu na sitalitupa kwa mtu mwingine.

Mzee alikwenda pale aliposimama, akapiga goti. Damu ya mapafu huwa nyekundu mbichi na ina povu. Hii ilikuwa nzito, imechanganyika na majani yaliyotafunwa, na inanuka. Tumbo. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, tukae. Tumpe saa nzima, atalala mwenyewe. Tukimkimbilia sasa hivi tutamfukuza hadi Tabora." Ndivyo inavyotakiwa. Mnyama aliyepigwa tumboni akiachwa atulie hulala karibu, mwili unakaza, unamkuta. Akishtuliwa anatembea na maumivu yake kilomita na kilomita.

Tulikaa. Hazikupita dakika ishirini tukasikia gari. Mwongozaji alikuwa ameusikia mlio wa bunduki, akaja amekanyaga mafuta, anapiga honi, wale wanne nyuma wanapiga kelele "Kaanguka? Kaanguka?" Mzee alisimama akawapungia mikono wazime injini. Hawakuzima. Kwenye kichaka kama mita mia mbili mbele yetu tukaona mgongo wa kahawia unanyanyuka, ukayumba, ukapotea.

Tukafuata. Nyayo zilikuwa wazi kabisa, mguu mmoja wa nyuma ukiburuta. Baada ya kama kilomita mbili, vichaka vikaanza kubana, gari likashindwa kupita. Hapo ndipo mwongozaji akasema basi, turudi. Ilikuwa saa nne asubuhi! Jua lote mbele yetu. Akasema dizeli inaisha, wale wateja wengine bado hawajapata swala wao, na yule pofu "atakufa tu". Kisha akaniambia nisihuzunike: "Kesho nakutafutia mwingine. Kibali si hakijajazwa bado? Nani kaona?"

Nilihisi nimepigwa kofi. Mnyama uliyemjeruhi anahesabika kama umempata, kibali kimekwisha, hakuna cha mwingine. Na hata kama karatasi zisingekuwapo, yule mnyama ni wangu. Nimemtoboa tumbo mimi. Nilitakiwa kumfikia, nimmalize, nimchune, kila kipande kiliwe. Pofu dume ana uzito zaidi ya nusu tani, wakuu. Kijiji kizima kingepikia.

Nikasema siondoki. Akasema basi nibaki, gari linaondoka, na kwa kuwa sina askari nikikamatwa peke yangu na bunduki huko ni juu yangu. Hivyo ndivyo nilivyorudishwa. Niliondoka pale kwa kutishwa, nikiwa mteja niliyelipa kila senti.

Mzee hakurudi nasi. Alichukua kidumu cha maji akaendelea mwenyewe na nyayo. Aliingia kambini saa mbili usiku, midomo imepasuka kwa kiu. Alikuta mahali dume lilipolala, damu imetuama, halafu likaamka tena. Akasema asubuhi na mapema tukitoka watatu tutamfikia. Asubuhi mwongozaji akakataa, akasema siku ya nne ni ya wale wengine, na mzee "amejipangia kazi isiyo yake". Nilijaza kibali changu mbele ya askari, nikaandika pofu amejeruhiwa, hakupatikana. Mwongozaji akanuna hadi tunafika Manyoni.

Siku ya pili baada ya kurudi nyumbani mzee alinipigia simu. Warina asali walikuwa wameona tai wakizunguka, wakaenda. Walikuta pembe, ngozi iliyotoboka na mifupa. Fisi walikuwa wameshamaliza. Kwa maelezo yake si zaidi ya kilomita tatu kutoka pale tulipogeuzia gari.

Kilomita tatu. Saa nne asubuhi.

Nimeomba kurudishiwa 1,200,000, nusu ya malipo. Ningeweza kudai yote. Majibu yao: "Ulipata nafasi ya kupiga, huduma umepewa." Simu zangu za baadaye hazipokelewi.

Ila kilichonifanya nifungue uzi huu leo, badala ya kusubiri barua yangu ijibiwe, ni simu ya jana jioni. Mzee amekatwa posho ya siku mbili, ile aliyofuata nyayo na ile iliyofuata, kwa madai kwamba alitoroka kazini. Nimemtumia pesa yangu kwa simu, akataka kuirudisha, nikamwomba sana aipokee.

Kama humu kuna mtu aliyewahi kuongozwa na watu wa upande huo wa Itigi akakutana na haya, aje tuwasiliane kwa faragha, maelezo mawili yana uzito kuliko moja. Na kama kuna mwanasheria anayejua namna kibarua asiye na mkataba wa maandishi anavyoweza kudai ujira wake, naomba aanze na hilo la mzee kwanza. Langu linaweza kusubiri.