Naomba ushauri: niache kazi nibaki na laivu za kuandika programu? Nipo Mwanza

Ngosha wa Skrini:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni kijana wa hapa Mwanza, nakaa Nyamanoro, nimeajiriwa na mfanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kirumba. Nimemtengenezea mfumo wa mizani na madeni na ndio ninaoutunza: nani kaleta magunia mangapi, nani kachukua mafuta, nyavu au taa za sola kwa mkopo, nani bado anadaiwa. Mshahara upo ila ni wa kula na kulipa kodi ya chumba tu.

Usiku nikirudi narusha laivu YouTube. Watu wananitazama ninavyoandika programu, naongea Kiswahili mwanzo mwisho, nikikwama wanaona nimekwama. Mtaani wanaona ni mzaha lakini kuna watu wanakaa na mimi mpaka saa saba usiku, wengine wako Kenya na Kongo. Kuna laivu moja ilipaa kweli kweli, na ndiyo iliyonifanya nianze kuwaza mambo makubwa.

Shida zangu ni mbili. Bando linanimaliza, na bosi ameanza kuninunia, anasema nafika kazini macho mekundu. Naombeni ushauri: nitumie bando la aina gani au nivute faiba? Na je, niache kazi nijikite huku? Silali vizuri wakuu. Matusi hapana.

Kigogo wa Mkuyuni:
Nimewahi siti ya mbele. Anayeuza karanga apite huku.

Fundi Redio:
Dogo, piga hesabu kwanza ndipo utafute bando. Kuandika programu si mpira, skrini yako haikimbii. Ubora wa picha wa 720p kwa fremu 30 kwa sekunde unakutosha, kasi ya megabiti 3 kwa sekunde. Hiyo inakula kama GB 1.35 kwa saa, kwa hiyo ukikaa hewani saa tatu umeteketeza GB 4 na ushee. Zidisha kwa mwezi uone kama mshahara unabaki.

Halafu watu wengi wakipima intaneti wanaangalia kasi ya kushusha. Wewe unapandisha. Pima ya kupandisha, tena saa ileile unayorusha, usipime saa nne asubuhi wakati mtaa mzima uko kazini. Na kuza herufi za kihariri chako, hiyo programu unayoandikia, mpaka uone aibu, maana wengi wanakutazama kwenye simu.

Mama Nansio:
Mwanangu, kazi haiachwi hivyo. Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Ukerewe, akaacha chaki akakimbilia mabondo ya sangara, vile vibofu vya tumboni mwa samaki, bei ilipokuwa inapanda kila wiki. Tulimwambia, akatuona washamba. Alinunua mpaka suti. Bei iliposhuka alikuwa na mzigo ndani ameukausha vizuri, wanunuzi hawapokei simu. Hadi leo ukimtajia neno bondo anatoka nje. Wewe una mshahara, unataka kuutupa ili watu wakuangalie unavyobofya?

Bundi wa Pasiansi:
Pole kwa mdogo wako mama, lakini turudi kwenye mada. Ngosha, YouTube hawakupi hela ya matangazo mpaka uwe na waliojisajili 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Umefika?

Ngosha wa Skrini:
Waliojisajili nimeshavuka mkuu. Saa bado kidogo. Nyingi zimetokana na ile laivu moja.

Fundi Redio wabeja sana kwa hesabu. Ila nikuweke wazi, faiba nimeshalipia ya kuunganishwa. Nilitaka tu kujua kama nimefanya sahihi.

Fundi Redio:
Sasa nimekokotoa GB za nini?

Jiwe Juu ya Jiwe:
Mimi hiyo "laivu moja" ndiyo inayoniwasha. Watu hawajazani usiku kumwangalia mtu anafunga mabano. Kulikuwa na nini?

Ngosha wa Skrini:
Ilikuwa nzuri tu. Kulikuwa na kosa gumu kwenye hesabu za ripoti, tukalitafuta pamoja na watazamaji.

Jiwe Juu ya Jiwe:
Hesabu za nani?

Msukuma wa Mikoani:
Wakati mnasubiri jibu, nami nichangie. Kutazama mtu akiandika programu si kitu kipya. Kuna Mmarekani anaitwa Casey Muratori, alianza Novemba 2014 kurusha anavyoandika gemu tangu mstari wa kwanza, bila kuchukua vipande vya wengine. Aliendelea kwa miaka, vipindi mamia. Kwa hiyo dogo asikatishwe tamaa. Tatizo letu Waafrika tunapenda kuvunjana moyo.

Jiwe Juu ya Jiwe:
Huyo gemu lilikuwa lake. Ngosha, hesabu za nani?

Ngosha wa Skrini:
Sawa, nitasema, ila msinirukie.

Ilikuwa kipindi cha mbalamwezi, kazini kumepoa, nikasema nimalizie ripoti ya madeni nikiwa hewani. Kwenye data za majaribio kosa lilikuwa haliji, kwa hiyo nikafungua kanzidata ya kazini, ile yenyewe inayotunza taarifa za wateja. Kwenye skrini yakatokea majina ya wenye mitumbwi, simu zao na deni la kila mmoja. Mtu akaandika kwenye chati, "Wa mstari wa nne si baba mdogo huyu? Kumbe anadaiwa hivi!" Basi wakaanza kuitana, kila mtu anauliza wa kwao, wa Ukara, wa Kome, wa Maisome. Nilipokuja kuangalia idadi ya watazamaji nikashangaa.

Lakini mniwie radhi. Sikukusudia, na nililifunga lile dirisha haraka. Namba za simu kwa ubora ule hazisomeki vizuri. Na huo mfumo nimeuandika mimi kwa vidole vyangu, bosi hajui hata kufungua faili.

Kigogo wa Mkuyuni:
Karanga ziongezwe.

Bundi wa Pasiansi:
Hazisomeki, na mtu kamtambua baba mdogo wake mstari wa nne. Umekuza herufi kabla Fundi hajakushauri.

Mama Nansio:
Wewe mtoto! Unajua deni la mtu huku visiwani lina maana gani? Kuna watu wake zao hawajui wanadaiwa. Kuna mtu anatafuta mkopo kwa mnunuzi mwingine na huyo mnunuzi naye ana simu yenye intaneti.

Wakili Mtarajiwa:
Naomba niongee taratibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Jina, namba ya simu na deni la mtu ni taarifa zake. Wale wavuvi walimpa bosi wako ili wapewe nyavu, hawakuzitoa ili zioneshwe Kongo.

La pili, "nimeandika mimi kwa vidole vyangu". Nenda kasome Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, haki zake za kiuchumi ni za mwajiri, isipokuwa mkataba wenu useme vingine. Mkataba unao?

Na swali la mwisho, ambalo naogopa jibu lake. Hiyo video bado ipo?

Ngosha wa Skrini:
Mkataba tulipatana kwa mdomo.

Video ipo. Mkuu elewa nafasi yangu: nikiifuta au nikiifanya ya faragha, saa zake zote zinatoka kwenye zile 4,000. Narudi chini kabisa. Nimebakiza kidogo tu, nikishapita ndiyo nitaitoa. Na barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye simu, nasubiri tu mwisho wa mwezi. Kwa hiyo la bosi ni kama limeisha.

Bundi wa Pasiansi:
Kwa hiyo faiba umelipia, barua umeandika, video huitoi. Sisi tumeitwa kupiga makofi?

Kanuni Kwanza:
Hakuna aliyemuuliza kuhusu leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018, vijana mnajirushia tu.

Wakili Mtarajiwa:
Zimebadilishwa 2020 na 2022, ndugu, na mkazo wa leseni uko kwenye habari na matukio. Kijana anayefunga mabano usiku hasomi taarifa ya habari. Tusimwongezee kesi, aliyonayo inatosha.

Fundi Redio:
Nimerudi, hasira imeshuka. Dogo, huhitaji kuifuta video nzima. Ingia Studio ya YouTube, kuna kihariri, kata kile kipande chote cha jedwali, hifadhi. Video inabaki na anwani yake na watazamaji wake. Ila wakati wanaichakata, ile ya zamani inaendelea kuonekana, kwa hiyo ifanye ya faragha mpaka wamalize, ndipo uirudishe. Waliopiga picha skrini wamepiga, hao huwapati tena.

Siku nyingine, kwenye OBS, programu ya kurushia laivu, usirushe skrini nzima. Chagua kurusha dirisha moja, la kihariri tu. Kanzidata ukiifungua inafunguka pembeni, wao hawaioni. Na weka ucheleweshaji, OBS inao, sekunde kadhaa, ukiteleza uwahi kukata kabla haijawafikia. Data za majaribio zitunge wewe, mpe mtu jina la Mzee Kambale, deni lake shilingi bilioni, kosa la hesabu litajitokeza vilevile.

Baharia Mstaafu:
Nimesoma kuanzia juu. Hii ni CHAI, hadithi ya kutunga.

Mimi nimefanya kazi ya dagaa, najua ninachosema. Kijana anasema ni kipindi cha mbalamwezi, halafu anaandaa ripoti ya mizani. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu. Magunia ya kupima yalitoka wapi? Huyu yuko Sinza, amesoma kuhusu Mwanza kwenye simu.

Msukuma wa Mikoani:
Duh. Mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Kigogo wa Mkuyuni:
Nirudishiwe hela ya karanga.

Ngosha wa Skrini:
Baharia, soma tena. Sijasema ripoti ya mizani, nimesema ripoti ya madeni. Na inafanywa wakati wa mbalamwezi hasa kwa sababu hiyo unayoisema: wavuvi wako nchi kavu, wanakuja kukaa na bosi, hesabu inapigwa kabla giza halijarudi wachukue mafuta mapya.

Mama Nansio:
Hapo kijana kasema kweli. Mbalamwezi ndiyo wakati wa kugawana na kugombana. Baharia, ulivua dagaa wapi wewe, Feri?

Baharia Mstaafu:
Mama nakuheshimu. Lakini basi hili ni tangazo. Mtu ana chaneli inataka saa za kutazamwa, anakuja hapa anasimulia video yenye siri za watu, haweki linki, anajua tutaitafuta wenyewe. Mpaka sasa wangapi wameshaenda kuitafuta? Semeni ukweli.

Bundi wa Pasiansi:
Nimetafuta. Sijaipata.

Jiwe Juu ya Jiwe:
Nami. Nimekuta mapishi ya dagaa tu.

Mstari wa Nne:
Jamani mimi ndiye niliyeandika kwenye chati. Baba mdogo wangu yupo kweli, na ameshajua. Nilimwambia kwa utani. Hakucheka.

Baharia Mstaafu:
ID imejiunga leo jioni, ujumbe wake wa kwanza ndio huu. Ngosha, ungesubiri hata kesho ndipo uje na jina la pili.

Ngosha wa Skrini:
Wallahi si mimi. Mstari wa Nne, naomba njoo faragha tuongee.

Wakili Mtarajiwa:
Usiende faragha na mtu usiyemjua, na wewe huyo usimwambie chochote zaidi kuhusu deni la mzee wako. Ngosha, iwe chai isiwe chai, ushauri ni uleule: bosi asikie kutoka kwako, asisikie kutoka kwa mvuvi.

Fundi Redio:
Mimi nina swali moja, kama ni chai basi ajibu kwa kutunga. Ulipofungua ile kanzidata ukiwa hewani, uliandika neno la siri wapi?

Ngosha wa Skrini:
Lipo kwenye faili la mipangilio. Nilifungua faili nikalinakili.

Fundi Redio:
Skrini nzima ikiwa hewani.

Ngosha wa Skrini:
Sekunde chache tu mkuu.

Fundi Redio:
Kwenye video mtu anasimamisha, hakuna sekunde chache. Na kama seva inafikika kutoka nje, mtu yuko ndani tangu siku ile. Anaweza kufuta madeni yote, au akaongeza. Badilisha neno la siri sasa hivi, kabla ya kukata video, kabla ya barua, kabla ya kula.

Ngosha wa Skrini:
Nikibadilisha, kompyuta ya mizani pale mwaloni haitaingia mpaka niende nikaweke jipya kwa mkono. Wanaanza kupokea magunia alfajiri. Bosi atauliza.

Mama Nansio:
Si ndiyo aulize!

Bundi wa Pasiansi:
Nyamanoro mpaka Kirumba ni bodaboda moja. Badilisha usiku huu, alfajiri uwe umesimama kwenye mizani kabla ya gunia la kwanza.

Ngosha wa Skrini:
Sawa. Nimeshabadilisha. Video nimeiweka ya faragha kwanza, saa zimeshuka, naziona hapa. Barua bado sijaifuta.

Baharia Mstaafu:
Alfajiri tuletee picha ya hiyo mizani, na sura za watu uzifiche. Bila hivyo kwangu bado ni chai, na sukari imezidi.